Giza linaanzia kwenye kompyuta

KILA mgawo wa umeme unapoingia, mwananchi hupewa jibu lile lile: mvua hazikunyesha, kina cha maji bwawani kimeshuka. Jibu hilo tulipewa mwaka 1992, tukapewa 1994, tukapewa 2006, tukapewa 2011, na mwishoni mwa 2023 tukapewa tena, safari hiyo likisindikizwa na maelezo ya mitambo iliyo kwenye matengenezo. Kwa zaidi ya miaka 30 Mwenyezi Mungu amefanywa mshitakiwa namba moja wa giza la nchi hii, na kwa kuwa hawezi kuitwa mbele ya kamati ya Bunge kujieleza, kesi inaishia hapo.

Tunakataa. Mvua ni ya Mungu, lakini uamuzi wa kutegemea mvua ni wa binadamu. Uamuzi huo hufanyika miaka kumi au 20 kabla taa hazijazimika, ofisini, mbele ya kompyuta, na watu wachache ambao kinyozi wa Manzese na mchomeleaji wa Gerezani hawajapata kuwasikia hata kwa majina. Kijana anayenunua LUKU ya shilingi elfu mbili ili afungue saluni yake ndiye anayelipia makosa ya watu hao. Basi ana haki ya kujua hesabu zinafanywaje.

Siku hizi hakuna nchi inayopanga umeme wake kwa kupiga ramli. Zipo programu za kompyuta zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo: WASP, MESSAGE, LEAP, OSeMOSYS, PLEXOS na nyinginezo. Humo ndimo inamopikwa mipango kabambe ya umeme, kama huu wa kwetu ambao ulifanyiwa marekebisho mwaka 2012, ukarekebishwa 2016 na tena 2020. Mpango ukishatoka, wakubwa huunyanyua juu na kusema: wataalamu wamekokotoa, kompyuta imesema. Nani atabishana na kompyuta?

Sisi tutabishana nayo, kwa sababu kompyuta haisemi kitu ambacho haikuambiwa.

HESABU YA MWENYE DALADALA

Msomaji asitishwe na majina ya kizungu. Mtu anayetaka kununua daladala tatu anafanya hesabu ile ile. Anajiuliza njia hiyo ina abiria wangapi na mwakani wataongezeka kwa kiasi gani. Anauliza bei ya dizeli, bei ya matairi, riba ya mkopo, na gari litadumu miaka mingapi kabla halijawa skrepa. Halafu anachagua: gari la bei rahisi linalokunywa mafuta, au la bei mbaya linalobana mafuta?

Programu za umeme zinafanya hivyo hivyo kwa nchi nzima na kwa miaka 20 au 30. Unaiambia mahitaji ya kila mwaka, gharama ya kujenga kila aina ya mtambo, bei ya gesi, mafuta na makaa ya mawe, kiasi cha maji mtoni, jua na upepo. Yenyewe inatafuta mchanganyiko wa mitambo utakaotosheleza mahitaji kwa gharama ndogo kuliko yote. Inafanya kwa dakika chache kazi ambayo binadamu mwenye kalamu angeifanya mpaka azeeke.

Sasa angalia ujanja ulipo. Chukua nchi yenye mahitaji ya megawati 2,000 leo. Mpangaji akiiambia kompyuta kwamba mahitaji yatakua kwa asilimia 4 kila mwaka, baada ya miaka 20 nchi itahitaji megawati 4,400 hivi. Akiandika asilimia 7, itahitaji zaidi ya 7,700. Akiandika asilimia 10, itahitaji karibu megawati 13,500. Tofauti ya kati ya asilimia 4 na asilimia 10 ni megawati 9,000, ambazo ni zaidi ya mabwawa manne ya ukubwa wa lile la Julius Nyerere kule Rufiji lenye megawati 2,115. Tarakimu moja tu iliyobadilishwa kwenye kibonyezo imejenga mabwawa manne, imekopa matrilioni, na imemwongezea deni mtoto ambaye hajazaliwa.

Kuna tarakimu nyingine ambayo haitajwi kabisa kwenye mikutano ya hadhara. Ni kile kiwango kinachotumika kupunguza thamani ya fedha za kesho ili zilinganishwe na za leo. Kwa kiwango cha asilimia 10, shilingi 100 utakayoitumia baada ya miaka 20 inahesabiwa leo kuwa kama shilingi 15 tu. Kwa asilimia 5, inahesabiwa karibu shilingi 38. Kwa hiyo ukiweka kiwango kikubwa, mtambo wa mafuta ambao ni rahisi kuujenga lakini unakunywa dizeli maisha yake yote unaonekana nafuu, maana mafuta ya kesho yamefanywa kama ya bure. Ukiweka kiwango kidogo, bwawa, jua na upepo, ambavyo gharama yake kubwa ni ya mwanzo, vinapanda chati. Anayechagua kiwango ndiye anayechagua mtambo, na mwenye mtambo anamjua vizuri mtu huyo.

Ya tatu ni mvua. Ukiilisha programu wastani wa mvua za miaka mingi, bwawa litaonekana lina maji kila mwaka, kwa sababu wastani haukauki. Mto Ruaha Mkuu hauendi kwa wastani. Mtera na Kidatu vimetufundisha hivyo mara nyingi. Mpangaji mwaminifu huijaribu programu yake kwa miaka mibaya mfululizo na kuuliza: ikitokea hivi, taa zitawaka? Asiyeuliza swali hilo hana haki ya kusimama baadaye na kumlaumu Mungu.

CHOMBO KINA MWENYEWE

Vyombo hivi navyo havikushuka kutoka mbinguni. WASP, ambayo imetumiwa na nchi nyingi zinazoendelea, ilitengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Tennessee Valley Authority pamoja na maabara ya Oak Ridge. Ilitengenezwa kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ambalo mwaka 1972 na 1973 lilikuwa likichunguza soko la mitambo ya nyuklia katika nchi zetu hizi. Yaani chombo hicho kilizaliwa wakati watu wanatafuta wateja. Hatusemi ni kibovu, na kimeboreshwa mara nyingi tangu hapo. Tunasema kila chombo kina historia yake, na mnunuzi mwerevu huiuliza.

Kisa cha IIASA ni funzo kubwa zaidi. Hii ni taasisi ya utafiti yenye heshima kubwa iliyoko Laxenburg, Austria. Mwaka 1981 ilitoa kitabu kinene kilichopiga hesabu ya nishati ya dunia nzima mpaka mwaka 2030, na kikatabiri nafasi kubwa ya nyuklia. Mwaka 1984 Bill Keepin, mwanahisabati aliyekuwa amefanya kazi hapo hapo ndani, akishirikiana na Brian Wynne, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Nature. Waligundua kwamba matokeo mengi yaliyotangazwa kuwa kazi ya kompyuta yalikuwa yale yale yaliyoingizwa na wataalamu mwanzoni. Wakaonyesha pia kwamba ukigusa bei kidogo tu, picha nzima inageuka. Kompyuta ilikuwa imetumika kama muhuri wa kuthibitisha maoni ya watu.

Kama hayo yaliwapata mabingwa wa Ulaya, sisi tunaopelekewa ripoti iliyokwisha jalidiwa tunajiamini nini?

YALIYOTUPATA

Tusiende mbali. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa mageuzi ya sekta ya umeme wa mwaka 2014 hadi 2025. Wakati huo nchi ilikuwa na uwezo wa megawati 1,583. Lengo lililoandikwa ni kufikia angalau megawati 10,000 ifikapo 2025. Mwaka 2025 ulifika. Mtambo wa tisa na wa mwisho wa Rufiji ulikamilika mwaka huo huo, na pamoja na neema hiyo yote uwezo wa gridi ulikuwa kwenye megawati 4,000 na kidogo. Lengo halikufikiwa hata nusu, na hatukumsikia mkubwa yeyote akisimama kueleza ile 10,000 ilitoka kwenye hesabu gani, nani aliiingiza na kwa ushahidi upi.

Kabla ya hapo kulikuwa na IPTL. Ukame wa 1994 ulitia watu kiwewe, na Mei 1995 ukasainiwa mkataba wa miaka 20 wa mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta pale Tegeta, wakati mpango wa gesi ya Songo Songo ulikuwa tayari mezani. Kesi ikaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mtambo haukuanza kuuza umeme mpaka Januari 2002, ukame uliouleta ukiwa umeshasahaulika. Tanesco ikafungwa kwenye malipo ya kila mwezi, umeme uzalishwe usizalishwe. Yaliyofuata kwenye akaunti ya Escrow mpaka Bunge likawaka moto Novemba 2014 kila mtu anayajua. Watu wengi wanakikumbuka kisa hicho kama cha wizi. Sisi tunakikumbuka pia kama kisa cha hofu kushinda hesabu: mpango wa gharama nafuu ulikuwepo, ukarukwa.

Majirani nao wana ya kwao. Mwaka 2013 Kenya ilitangaza kuongeza zaidi ya megawati 5,000 ndani ya miezi 40. Mwaka 2018 mahitaji yao ya juu kabisa yalikuwa kwenye megawati 1,800 hivi. Katika homa hiyo ndimo lilimozaliwa wazo la kujenga Lamu mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, katika nchi ambayo haikuwa na pa kuupeleka umeme huo. Wana Lamu walipinga, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kule Turkana, mitambo 365 ya upepo yenye megawati 310 ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini nyaya za kuutoa umeme zikafika Septemba 2018. Muda wote huo upepo ulivuma, mapanga yalisimama, na fidia ya mabilioni ya shilingi ikamwangukia mlipaji wa Kenya.

Turkana inatufundisha kwamba kuhesabu mitambo bila kuhesabu nyaya ni kununua daladala pasipo na barabara. Na sisi tumo. Machi 2025 ilitangazwa kwamba mikoa ya Kaskazini itapatiwa umeme wa kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa maelezo kwamba unaotoka kwetu kusini unapotea sana njiani. Huenda ni uamuzi wa busara kabisa. Nchi nyingi huuziana umeme. Lakini umbali kutoka Rufiji mpaka Arusha haukuongezeka baada ya bwawa kujengwa. Kama ulikuwemo kwenye hesabu tangu mwanzo, tuonyeshwe. Kama haukuwemo, tuambiwe kwa nini.

MKAA HAUMO

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji hulipita kama mtu anayepita karibu na dampo. Nishati kubwa ya nchi hii si umeme. Ni kuni na mkaa. Mama lishe wa Buguruni haungojei mtambo wa tisa. Anangoja lori la mkaa kutoka Morogoro na Pwani. Mpango unaohesabu balbu na kusahau jiko umepanga maisha ya wachache.

Cha ajabu ni kwamba LEAP, ambayo leo inatumika dunia nzima, ilizaliwa kwa sababu ya jiko la Mwafrika Mashariki. Ilitengenezwa mwaka 1980 kwa ajili ya mradi wa kuni nchini Kenya uliosimamiwa na taasisi ya Beijer ya Sweden, ili kujua miti iliyopo itatosha kupikia kwa miaka mingapi. Kuni zetu zilizaa programu, programu ikasafiri ulimwenguni, na sisi tumebaki kuisikia kwenye semina za hotelini.

Serikali imetoa mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania. Lengo ni zuri. Lakini sote tumeshaona lengo la 10,000 lilivyoishia. Tunauliza mapema: watu hao watapikia gesi ya mitungi au umeme? Kama ni umeme, ile saa moja jioni ambayo kila jiko litawashwa kwa pamoja imehesabiwa? Kama ni gesi, bei yake ya dola ikipanda, mama lishe atarudi wapi? Maswali hayo yanajibika kwa programu zilizopo leo. Tunataka majibu kabla ya mikataba, tusije tukaletewa maelezo baada yake.

WENZETU WA KUSINI

Wapo watakaosema hesabu hizi ni za wataalamu, mtu wa kijiweni hana la kuchangia. Tunawapeleka Afrika Kusini. Novemba 2016 serikali ya nchi hiyo ilitoa rasimu ya mpango wa umeme ili watu waijadili, pamoja na tarakimu zilizotumika. Wataalamu wa CSIR, taasisi ya utafiti ya umma, wakazichukua tarakimu hizo, wakaendesha PLEXOS wenyewe, na wakaona jambo: ndani ya mpango ulikuwa umewekwa ukomo wa kiasi cha jua na upepo kinachoruhusiwa kujengwa kila mwaka. Ukiondoa ukomo huo, kompyuta haichagui nyuklia wala makaa mapya kabisa. Inachagua jua, upepo na gesi, na umeme unakuwa nafuu.

Mambo hayo yalikuwa yakitokea wakati serikali hiyo inataka kununua nyuklia ya megawati 9,600. Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape, katika kesi iliyofunguliwa na asasi mbili za kiraia, ikatamka kwamba mchakato huo ulikwenda kinyume cha sheria. Mpango uliopitishwa Oktoba 2019 haukuwa tena na ile 9,600.

Hatuwadanganyi wasomaji: Afrika Kusini iliendelea kukaa gizani, na mwaka 2023 mgawo wao ulikuwa mbaya kuliko yote, kwa sababu mitambo ya makaa ilichoka na mipya ilichelewa. Hesabu ya wazi haitengenezi mtambo mbovu. Lakini iliwaokoa wananchi na mzigo wa deni ambao wasingeumaliza, na hilo si dogo.

TUNATAKA HIVI

Kwanza, faili zilizoingizwa kwenye kompyuta zitolewe pamoja na kitabu cha mpango. Kitabu ni chakula kilichokwisha pikwa. Sisi tunataka kuona viungo. Tarakimu za ukuaji wa mahitaji, bei za mafuta na gesi, kiwango cha kushusha thamani ya fedha, na rekodi za mito zilizotumika, vyote viwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa Chuo Kikuu na mwandishi wa habari watavichukua bila kumpigia mtu magoti. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016. Itumike.

Pili, kila mpango mpya uanze na ukurasa unaoonyesha mpango uliopita ulitabiri nini na kilichotokea ni nini. Mwenye duka la Kariakoo anafunga mahesabu kila mwaka. Iweje wizara isifunge?

Tatu, mradi wowote mkubwa ambao haumo kwenye mpango, au uliorukishwa foleni, upelekwe Bungeni na hesabu yake ya kompyuta, kabla ya kalamu kugusa mkataba. Dharura ndiyo mlango wa nyuma ambao wajanja wameutumia tangu 1995.

Hatutakubali kuambiwa kwamba ni siri ya Serikali. Wakopeshaji wa nje wanazo tarakimu hizo, na wakandarasi wanazo. Siri ambayo anayefichwa ni mlipaji peke yake ina jina jingine.

Na kwenu vijana tunasema hivi. LEAP hutolewa bure kwa wanafunzi, na vyuo na asasi katika nchi zenye kipato kama chetu huipata bure vilevile. OSeMOSYS ni ya bure kwa kila mtu, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi. Kijana mwenye hisabati ya kidato cha nne, intaneti na ukaidi anaweza kujifunza. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa ikawatisha wenye kupinga takwimu za Serikali, lakini mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa, kwa hiyo kisingizio cha woga kimepungua. Mnajua kukokotoa mikeka ya mpira mpaka senti ya mwisho. Hesabu hii si ngumu kuliko hiyo, na dau lake ni taa ya nyumba zenu kwa miaka 30.

Siku mgawo mwingine utakapokuja, na mkubwa akasimama kwenye televisheni kutaja mvua, tunataka pawepo kijana mmoja mwenye karatasi mkononi wa kumwuliza: mheshimiwa, kwenye hesabu zenu mliweka mvua ya mwaka gani?